Kukwama Katika Nchi Isiyofungwa: Wakaazi wa Kigeni wa Mtwara na Lindi Wakati wa Korona

Tanzania haikuwafungia watu wake majumbani wakati wa korona. Shule zilifungwa kuanzia tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, kutangaza mgonjwa wa kwanza, na mikusanyiko ya michezo na siasa ikazuiwa. Hata hivyo masoko, viwanda, mashamba na nyumba za ibada viliendelea, na mwenye shughuli zake kati ya Masasi na Mtwara mjini hakuzuiwa na amri yoyote kupanda basi. Kinachoshangaza ni kwamba katika nchi hiyohiyo iliyoacha milango wazi, wageni waliokuwa wakiishi mikoa ya kusini walijikuta wamekwama sawa na waliokwama Roma au Johannesburg, ijapokuwa kwa namna nyingine kabisa. Mkaazi wa Roma alizuiwa kutoka nyumbani kwake. Mhandisi wa kigeni aliyepanga nyumba Shangani, mtaa wa Mtwara mjini, aliweza kushuka ufukweni kila jioni, ila kwao hakufika.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kuachana na dhana kwamba mgeni hufungiwa na nchi aliyomo. Mtu anayeishi nchi ya watu haishi kwa ruhusa moja. Nchi mwenyeji imempa ruhusa ya kukaa, na ruhusa hiyo inasimama juu ya mkataba wa mwajiri. Yupo mtoa bima aliyeahidi kumtibu au kumsafirisha akiugua, lipo shirika la ndege lenye tiketi yake, ipo nchi ya tatu ambayo ndege hiyo hutua kubadilisha abiria, na mwisho ipo nchi yake mwenyewe inayotakiwa kumpokea. Siku za kawaida mambo haya yameshikana kiasi kwamba hakuna anayeyahesabu. Janga liliyatenganisha, kila moja likafuata sheria zake na tarehe zake, na ilitosha moja tu kukatika ili yaliyobaki yasimsaidie mtu.

Tuanze na njia yenyewe ya kutoka. Mkaazi wa Mtwara au Lindi anayekwenda Ulaya au Asia hana budi kwanza kufika Dar es Salaam, kisha apande ndege ya kwenda katika kiwanja kikubwa cha kubadilishia, kama vile Dubai, Doha, Addis Ababa, Nairobi, Istanbul au Amsterdam, na ndipo aunganishe safari ya kwao. Tarehe inayokumbukwa zaidi nchini ni 12 Aprili 2020, siku ambayo Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilisitisha ndege zote za abiria za kimataifa na kuacha za mizigo tu. Ukweli ni kwamba njia ilikuwa imekwisha kuziba kabla ya hapo. Shirika la Emirates liliacha kubeba abiria kuanzia 25 Machi, baada ya Falme za Kiarabu kuzuia hata wale wanaopita tu kubadilisha ndege. Siku hiyohiyo Kenya nayo ilifunga anga yake kwa abiria wa kimataifa. Tanzania ilipofungua tena anga tarehe 18 Mei, kabla ya majirani zake wengi, wapo waliodhani kwamba mambo yamekwisha. Lakini uwanja uliofunguliwa upande mmoja tu hauna ndege. Kenya ilirejesha safari za kimataifa tarehe 1 Agosti, na hata wakati huo haikuiweka Tanzania katika orodha yake ya kwanza ya nchi zilizokubaliwa, jambo lililozaa mvutano na marufuku ya muda kwa ndege za Kenya Airways hadi Septemba.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo wengi hulijibu haraka mno: je, nchi ya mtu haikuwa na wajibu wa kumrudisha? Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, katika ibara ya 12, unasema kwamba mtu asinyimwe kiholela haki ya kuingia katika nchi yake. Ni haki nzito, lakini isomwe kwa makini. Inamzuia afisa wa mpakani kumfungia raia mlango. Haimlazimishi mtu yeyote kumtafutia raia huyo kiti katika ndege, wala kumlipia nauli. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli nao unautaja msaada kwa raia walio nje miongoni mwa kazi za ubalozi, bila kueleza kwamba msaada huo ni lazima ufikie wapi. Ubalozi unaweza kumpa mtu hati ya kusafiria, kumwombea kibali cha kupita, kumweka katika orodha. Zaidi ya hapo ni uamuzi wa serikali na mfuko wake.

Ujerumani, kwa mfano, iliendesha operesheni iliyorudisha watu wapatao 240,000 kutoka pande zote za dunia, na wengi wao walikuwa watalii. Mkaazi alikuwa katika hesabu nyingine. Uingereza ilipotoa wito tarehe 23 Machi, iliwataka Waingereza waliokuwa safarini warejee nyumbani, huku walio na makaazi ya kudumu nje wakielekezwa kufuata maelekezo ya nchi walizomo. Ukiitazama kwa macho ya afisa wa London, hoja ina mantiki: mwenye nyumba, kazi na kitanda Mtwara hajakwama, yuko nyumbani. Ukiitazama kutoka Mtwara, unaona kasoro yake mara moja, kwa kuwa nyumba hiyo ni ya kupanga, kazi ni ya mkataba, na ruhusa ya kukaa ina tarehe ya mwisho.

Kwa Wahindi, ambao kusini huonekana zaidi katika biashara ya korosho ghafi, hali ilikuwa ngumu kupita kiasi. India ilizuia ndege za kimataifa kuanzia 22 Machi 2020, na siku tatu baadaye ikaanza kuwafungia ndani watu wake wote kwa siku 21, muda uliokuja kuongezwa mara kadhaa. Katika kipindi hicho hata mwenye pasi ya India hakuweza kuingia India kwa ndege ya kawaida. Mpango wa serikali yao wa kuwarudisha raia, uliopewa jina la Vande Bharat, ulianza tarehe 7 Mei, na abiria walijilipia nauli. Australia nayo ilikwenda mbali zaidi mwaka uliofuata: mwezi Mei 2021 iliwatishia raia wake waliokuwa India kifungo cha hadi miaka 5 iwapo wangethubutu kurudi nyumbani. Kumbe pasi ya kusafiria, ambayo watu huiona kama ngome ya mwisho, nayo ilikuwa na masharti.

Turudi sasa upande wa mwenyeji, ambako vibali ndivyo vyenye fundo lililokazwa zaidi. Mgeni anayefanya kazi Tanzania Bara anahitaji hati mbili zinazotoka katika ofisi mbili tofauti: kibali cha kazi kinachotolewa na Kamishna wa Kazi kwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, na kibali cha ukaazi kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji. Cha ukaazi kina madaraja: A ni kwa wawekezaji na waliojiajiri, B kwa walioajiriwa, C kwa wamisionari, wanafunzi, watafiti, wanaojitolea na wengine wa aina hiyo. Mwenza na watoto hawana kibali chao kamili. Wanakaa kwa jina la mwenye kibali.

Tofauti ya madaraja haya, ambayo kwa kawaida ni jambo la makarani, ilikuja kuwa tofauti ya maisha. Mmisionari au daktari wa kujitolea katika abasia ya Ndanda, ambayo Wabenediktini waliianzisha mwaka 1906, au katika hospitali ya Nyangao mkoani Lindi, anakaa kwa mgongo wa taasisi isiyofukuza watu mapato yanaposhuka. Mwenye daraja B katika kiwanda cha saruji au katika mitambo ya gesi anakaa kwa mgongo wa kazi iliyotajwa katika kibali, kwa mwajiri aliyetajwa. Mkataba ukikatizwa, msingi wa kibali umeondoka, na sheria inamtaka aondoke nchini. Lakini ataondokaje iwapo ndege hakuna? Anakuwa mtu ambaye sheria moja inamwamuru kuondoka na hali nyingine inamzuia, wala hana kosa alilotenda. Afrika Kusini ilitambua mapema kwamba jambo hili halitatuliki kwa kumshughulikia kila mtu peke yake, ikatangaza kwamba viza zilizokwisha muda kuanzia katikati ya Machi 2020 zihesabiwe kuwa hai hadi 31 Julai, kisha ikaendelea kusogeza tarehe hiyo mbele. Kwa maoni yangu hilo ni moja ya mambo machache ambayo serikali za kipindi kile zilifanya kwa akili iliyotulia: tangazo moja lenye tarehe linamwondolea mgeni hofu ambayo barua mia za maombi haziwezi kuiondoa.

Kundi lililoathirika kwa namna ya pekee, na ambalo kusini linafahamika vizuri tangu gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo ianze kuchimbwa, ni la wataalamu wa zamu. Wengi katika tasnia ya mafuta na gesi hawahamii nchi wanayofanyia kazi. Hukaa kambini wiki nne, kwa mfano, halafu huenda kwao wiki nne, na wenzao hushika nafasi. Utaratibu huu ulibuniwa kwa dunia yenye ndege kila siku. Serikali zilipoanza kudai karantini ya siku 14 kwa anayeingia, na Tanzania ilikuwa miongoni mwao kuanzia Machi 2020 ikitaka msafiri ajigharamie, hesabu ya zamu iliharibika yenyewe. Chukua mtu wa wiki nne kwa nne: siku 14 za karantini akifika kwao, siku nyingine 14 akirudi kazini, na mapumziko yake ya siku 28 yameisha bila kukaa na watoto wake nje ya karantini hata siku moja. Kwa hiyo aliyekuwa ndani alibaki ndani kwa miezi, na aliyekuwa nje alibaki nje, mara nyingi bila mshahara, kwa kuwa mikataba ya zamu ina desturi ya kulipa siku zilizofanyiwa kazi.

Na kambi nazo hazikuwa salama kama zilivyodhaniwa. Ng'ambo ya mto Ruvuma, katika rasi ya Afungi wilayani Palma, kambi ya mradi wa gesi wa kampuni ya Total ndiyo iliyogeuka kuwa kitovu cha maambukizi ya Msumbiji mwezi Aprili 2020. Watu waliokula katika ukumbi mmoja na kulala vyumba vilivyopakana walikuwa wametengwa na vijiji vya jirani, lakini hawakuwa wametengwa wao kwa wao.

Kuhusu gharama za karantini kuna jambo ambalo halijulikani sana. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinasema katika ibara ya 40 kwamba nchi isimtoze msafiri gharama za kutengwa inakomlazimisha, isipokuwa msafiri huyo awe anatafuta ukaazi wa muda au wa kudumu. Yaani mtalii analindwa, anayehamia hapana. Hata ulinzi huo wa mtalii ulipuuzwa karibu kila mahali. Uingereza iliiweka Tanzania katika orodha ya nchi zilizozuiwa mwezi Januari 2021, na kuanzia 15 Februari mtu mzima aliyefika peke yake akitoka katika nchi za orodha hiyo, hata awe Mwingereza, alilipa pauni 1,750 kwa siku 10 za kukaa hotelini chini ya ulinzi. Familia ya mwalimu wa kujitolea ingehitaji kuuza vitu.

Orodha hiyo inahusiana na suala la takwimu, ambalo haliwezi kuachwa. Tanzania iliacha kutoa idadi ya wagonjwa mwanzoni mwa Mei 2020, hesabu ikiwa imesimama katika wagonjwa 509 na vifo 21. Bila kuingia katika ubishi wa siasa za wakati ule, athari yake kwa mgeni ilikuwa ya moja kwa moja: mtoa bima, mwajiri wa makao makuu na wizara ya nchi yake walipanga viwango vya hatari kwa kutazama namba, na pasipo na namba wakachukua tahadhari ya juu zaidi. Bima za wataalamu wengi zinategemea kumsafirisha mgonjwa mahututi kwa ndege hadi Nairobi au Johannesburg, badala ya kumtibia katika hospitali za mikoa, Ligula ya Mtwara au Sokoine ya Lindi. Mipaka ilipofungwa, ahadi hiyo ilihitaji kibali cha serikali mbili kwa kila mgonjwa, na mgonjwa wa ugonjwa wa kupumua ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubaliwa. Ghafla mgeni akawa anategemea hospitali ileile ambayo jirani yake Mmakonde au Mmwera huitegemea siku zote. Nadhani hakuna jambo lililowatisha wengi kama hilo, na nadhani pia kwamba linaeleza mengi kuhusu namna ughaibuni wa kulipwa vizuri unavyopangwa.

Maana upo ughaibuni mwingine. Vijana wa Tandahimba, Newala na Kilwa waliokwenda kutafuta maisha Afrika Kusini au Msumbiji ni wakaazi wa ugenini vilevile, ila hawana nyumba ya kampuni wala tiketi ya kurudi. Afrika Kusini ilipowafungia watu wake ndani usiku wa 26 Machi 2020, biashara za barabarani na saluni zilisimama zote kwa pamoja. Mwanzoni waziri mmoja alisema kwamba maduka madogo ya mitaani yatakayofunguliwa ni ya raia pekee, kabla ya kanuni kurekebishwa mapema Aprili. Serikali ikaanzisha posho ya randi 350 kwa mwezi kwa wasio na kipato. Waombaji hifadhi waliachwa nje hadi Mahakama Kuu ya Pretoria ilipoamua mwezi Juni kwamba kuwaacha huko ni kinyume cha sheria. Uamuzi huo haukumgusa aliyeingia bila karatasi. Huyo hakuweza kuomba posho, hakuweza kufanya kazi, na hakuweza kurudi kwa njia aliyokwenda nayo, kwa kuwa mipaka yote ya nchi kavu aliyovuka ilikuwa imefungwa kwa abiria.

Mpaka wa Ruvuma wenyewe una fundo lake. Msumbiji ilitangaza hali ya dharura kuanzia 1 Aprili 2020 na kusimamisha utoaji wa viza. Kwa ramani, hiyo ina maana ya kufungwa kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lenye mita 720, na kwa kivuko cha upande wa Kilambo. Kwa watu wa pwani na wa bonde la Ruvuma, ambao ukoo mmoja una nyumba pande zote mbili, ina maana ya kukatwa kwa mazishi, harusi na mashamba. Lakini huwezi kusema kwamba ni korona peke yake iliyofanya hivyo. Wapiganaji wa Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, waliivamia Mocímboa da Praia mwezi Machi mwaka huohuo, wakaiteka mwezi Agosti, na tarehe 14 Oktoba wakavuka na kushambulia kijiji cha Kitaya, upande wa Mtwara. Kuanzia hapo doria za mpakani zilikuwa za usalama zaidi kuliko za afya, na mtu aliyezuiwa kuvuka hakuelezwa amezuiwa kwa sababu ipi. Wanaoandika kuhusu janga hili kusini kana kwamba mpaka ulifungwa na kirusi tu wanakosea.

Fedha zilikwenda tofauti na ilivyotabiriwa. Benki ya Dunia ilikadiria mwezi Aprili 2020 kwamba fedha ambazo wahamiaji hutuma katika nchi za kipato cha chini na cha kati zingeshuka kwa takriban asilimia 20. Mwaka ulipokwisha, zilikuwa zimeshuka kwa asilimia 1.6 tu, kutoka dola bilioni 548 hadi 540. Sehemu ya maelezo ni kwamba watu walijinyima ili ndugu wasikose. Sehemu nyingine ni ya kiufundi: fedha zilizokuwa zikisafiri mfukoni mwa dereva au mgeni anayerudi likizo hazikuwa na wa kuzibeba, zikahamia benki na simu, ambako kwa mara ya kwanza zilihesabiwa. Kwa hiyo namba ile haimaanishi kwamba kila familia ilipokea kama zamani.

Kodi nitaigusa kidogo. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania, mtu aliyekuwapo nchini siku 183 au zaidi katika mwaka wa mapato ni mkaazi kwa kodi, hata kama kilichomweka ni ukosefu wa ndege. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, lilishauri nchi mwezi Aprili 2020 zisizihesabu kwa ukali siku za kukwama. Ushauri haukuwa sheria.

Msimu wa korosho wa 2020 ulipofunguliwa mwezi Oktoba, minada ya Mtwara na Lindi ilifanyika, na korosho ghafi zikaendelea kwenda India na Vietnam kama miaka mingine. Shehena ilikuwa na njia nyepesi kuliko mnunuzi. Vietnam ilikuwa imewazuia wageni tangu 22 Machi 2020 na haikufungua kikamilifu hadi Machi 2022, na katika muda huo hata raia wake waliotaka kurudi kutoka Afrika walitegemea ndege maalumu zilizohitaji idhini ya wizara kadhaa. Idhini hizo zilikuwa zikiuzwa. Mwezi Julai 2023 mahakama ya Hanoi iliwahukumu watu 54, wakiwamo maofisa wa mambo ya nje na wa uhamiaji pamoja na wenye kampuni za usafiri, kwa rushwa iliyozunguka ndege za kuwarudisha raia nyumbani, na wanne kati yao walipewa kifungo cha maisha.